Mkutano wa amani wa kila mwaka kwenye shamba la mikorosho: mwongozo kamili kwa wastaafu wa jeshi, Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wastaafu wa jeshi kinachotaka kuita watu shambani mara moja kwa mwaka kuzungumzia amani: majirani, wajane wa askari, vijana, wafugaji, masheikh na mapadri. Hesabu zote humu ni za wageni 200 kwa siku moja, pamoja na wenyeji kama 25 wanaolala shambani usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mkiwa 100, gaweni kwa mbili. Mkizidi 300, msifanye mwaka wa kwanza.

Jambo moja liwekwe sawa mapema, maana linaamua mengine yote. Wastaafu hapa ni wenyeji, si wageni wa heshima. Sherehe za kuwaheshimu askari zipo tayari: Mashujaa tarehe 25 Julai, na siku ya kuanzishwa kwa JWTZ tarehe 1 Septemba. Mkutano huu ni kitu kingine. Anayepokea mgeni, anayemnawisha mikono na anayekaa kumsikiliza ni yule aliyewahi kubeba silaha. Wastaafu wakishapanda meza kuu, wanakijiji wanageuka watazamaji, na mtazamaji hasemi lililo moyoni.

Tarehe

Tarehe haichaguliwi na kalenda ya serikali peke yake, inachaguliwa na mkorosho. Mvua za kusini zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kabla ya Juni barabara za shamba hazina uhakika. Kuanzia mwisho wa Septemba korosho zinaanza kudondoka, na mgeni mwenye mfuko chini ya mkorosho wa mtu ni ugomvi unaosubiri kuanza. Mkutano wa amani usioneshe wageni kama wezi wa korosho. Tarehe 21 Septemba, Siku ya Amani Duniani, inavutia kwa jina lake lakini iko karibu mno na msimu.

Tunashauri Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Juni. Njia zimekauka, mahindi na mpunga vimeshavunwa, na tarehe yenyewe ina maana huku kwetu: Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975, na wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea, kwenye kambi iliyojulikana kama Farm 17. Wastaafu wengi wa mikoa hii wana jambo la kusema kuhusu ng'ambo ya Ruvuma.

Juni ina adha moja, nayo ni salfa. Upuliziaji wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huanza mikorosho inapochanua, na mzunguko mmoja hadi mwingine ni kama wiki mbili au tatu. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande. Saa hiyohiyo wageni wako njiani. Unga ukiwaingia machoni watu wazima wenye pumu, siku imeharibika kabla ya chai. Kaeni na mwenye shamba na majirani wote wanaopakana naye, pangeni mzunguko uishe siku 7 kabla. Jirani mmoja asiyeambiwa anatosha kuharibu, kwa sababu mashine ya kupulizia hailindi mpaka.

Angalieni pia mfungo na sikukuu za Kiislamu, ambazo kila mwaka zinarudi nyuma siku 10 au 11. Na msiweke Ijumaa.

Shamba

Tafuteni shamba lenye mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kati ya miti minne hapo mnapata mita za mraba 144: viti 100 vya kukaa safu vinaingia na njia inabaki, au baraza moja la duara la watu 12 likakaa kwa raha bila kusikia la jirani. Mashamba ya zamani yaliyobanana yana kivuli kizito ila hayapitishi hewa, na matawi yanashuka hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu.

Kagueni mambo haya wiki sita kabla, kwa miguu, si kwa simu:

Upupu. Ukiwa mbichi mwezi wa nne au wa tano unafyekwa bila shida. Ukishakauka mwezi wa sita, vinyweleo vinaruka kwa upepo tu na hakuna atakayekaa. Kamati inayokumbuka upupu wiki ya mkutano imechelewa. Hapo dawa pekee ni kuhamia upande mwingine wa shamba.

Majimoto. Hawa sungusungu wa mitini wanaoshona majani ni marafiki wa mkulima, wanakula wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho. Msiwapulizie dawa. Tafuteni miti isiyo na viota vyao, mfunge kitambaa chekundu kwenye miti yenye navyo ili mtu asiegemee.

Mchanga. Udongo wa sehemu kubwa ya Mtwara na pwani ya Lindi ni mchanga tupu, na gari dogo linazama hadi ekseli. Kiti cha magurudumu hakiendi kabisa. Tandikeni njia ya upana wa mita moja na nusu kwa makuti yaliyosukwa, kutoka gari linapoishia hadi kwenye viti, na nyingine hadi chooni.

Makubaliano na mwenye shamba yaandikwe karatasi moja tu: hakuna kupigilia misumari kwenye mti, hakuna kukata tawi, hakuna moto chini ya mkorosho, na nani anafukia mashimo. Kama shamba ni la ukoo, mwulizeni mjomba mwenye sauti kabla ya kusaini na mpwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera hilo si adabu tu, ndiyo njia ya kujua kama shamba lina mgogoro ambao mkutano wenu utaonekana kuutolea hukumu.

Barua na taarifa

Barua ya kwanza inaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mwenyekiti wa kijiji, wiki nane kabla. Mtendaji wa kijiji anaipeleka kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na ofisi ya mkuu wa wilaya. Polisi wapewe barua yao peke yao. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko wa mahali pa umma. Shamba ni mali ya mtu, lakini mkishawaita watu 200 msibishane na tafsiri. Pelekeni wiki tatu kabla na mrudi na nakala iliyogongwa mhuri.

Ndani ya barua andikeni: jina la kikundi, kijiji, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, na sentensi moja kwamba hakuna mgombea, bendera ya chama wala uchangishaji wa kisiasa. Mwaka wa uchaguzi sentensi hiyo iwe ya kwanza.

Mavazi nayo ni suala la sheria. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Mstaafu ni raia. Aje na suti au kanzu, avae medali zake kifuani upande wa kushoto, basi. Waambieni na vijana wa ulinzi: hakuna kombati, hata ya mitumba.

Kamati na fedha

Watu tisa wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa shamba, jiko, maji na vyoo, afya, mapokezi, na baraza. Wanne angalau wawe wanawake, na si jikoni wote. Cheo cha jeshini kinabaki getini. Hili linasemwa rahisi na kutekelezwa kwa shida: koplo akisimamia jiko na meja akasimamia vyoo, kila mtu ataona kwamba mnamaanisha. Neno "afande" litatoka mdomoni tu, hamtaweza kulizuia. Kinachozuilika ni mtu kulitumia kukatisha mjadala.

Michango ikusanywe kati ya Novemba na Januari, malipo ya minada ya korosho yanapoingia kwenye akaunti za wakulima. Kamati nyingi za shughuli huku zinapitisha daftari Mei, wakati mfuko umekauka na mbegu na salfa vinadai, kisha zinalalamika watu hawana moyo. Wanao, hawana hela. Anayependa kutoa kitu badala ya fedha aandikwe kwa kilo: mbaazi kilo 5, nazi 10, mbuzi mmoja. Vitu vinavyokaa vikusanywe nyumba moja yenye dari isiyovuja. Fedha ziwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na mmoja wao asiwe mstaafu.

Mkipewa fedha na kampuni au mwanasiasa, pokeeni vitu, si fedha, na bango lake libaki nje ya geti.

Kupanga uwanja

Juni na Julai upepo ni kusi, unatoka kusini na kusini-mashariki. Kwa hiyo jiko na vyoo vinakaa kaskazini-magharibi ya mahali pa kukaa, ili moshi na harufu viende zao. Wanaopanga uwanja asubuhi tulivu wanasahau, na saa nane mchana, kusi linapopamba, moshi unawafukiza wazee wote. Simama uwanjani saa nane, siku yoyote ya wiki iliyotangulia, ukamwage mchanga mkavu kutoka mkononi uone unakoelekea.

Jenereta iwe mita 40 au zaidi, nyuma ya kichuguu ikiwezekana. Kelele ya injini inayokatika na kuwaka ghafla si usumbufu mdogo kwa baadhi ya wenyeji wenu. Spika mbili zinatosha, zielekezwe upande mmoja. Spika zinazotazamana zinawafanya wazee wenye masikio mazito wasisikie chochote kwa mwangwi. Wenye usikivu hafifu wakae mbele.

Viti viwe vya kuegemea. Askari aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka 20 leo yuko mbali juu ya sitini, na benchi la mbao kwa saa tano ni adhabu. Kama viti havitoshi, vijana wakae kwenye mikeka.

Fyekeni njia ya moto ya mita 3 kuzunguka jiko, mfagie majani ya mikorosho yote hadi udongo uonekane. Majani hayo makavu yanashika moto kwa cheche moja, na kusi linaubeba. Wekeni mapipa mawili ya maji na rundo la mchanga na makoleo mawili pembeni. Hapo ndipo wavutaji sigara wanaporuhusiwa, si pengine.

Vyoo

Matundu manne kwa watu 200: matatu ya wanawake, moja la wanaume pamoja na mfereji wa haja ndogo uliozungushiwa makuti. Wanawake wanachukua muda mrefu zaidi na wana watoto. Mgawanyo wa nusu kwa nusu unaleta foleni upande mmoja tu.

Mashimo yawe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, na upande wa chini wa mteremko. Hapa mchanga unaleta hatari halisi: shimo la mita mbili lisilo na ukuta linaporomoka, wakati mwingine mtu akiwa juu yake. Chimbeni mita moja na nusu, upana wa sentimita 80, mkaingize pipa la chuma lililokatwa pande zote mbili, au mianzi iliyosukwa kama tenga kubwa. Juu weka magogo manene, si mbao za sanduku. Tundu moja la kila upande liwe na kiti kilichotobolewa katikati na mti wa kushikia, kwa wenye magoti na wenye miguu ya bandia.

Kila choo na kibuyu chirizi chake: dumu la lita 5, kamba, mti wa kukanyaga, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa. Sabuni isiyofungwa inaondoka kabla ya saa nne.

Maji

Pangeni lita 2,000: lita 1,000 za kunywa na kunawa (lita 5 kwa mtu), 600 za kupikia na kuoshea, 200 za vyoo, 200 za akiba ya moto. Matangi mawili ya lita 1,000 yanatosha. Tangi la kunywa liwe na koki na lisichanganywe na lingine hata mkibanwa.

Huko juu Newala na Tandahimba, uwanda hauna maji ya karibu na bei inapanda kiangazi. Agizeni boza siku tano kabla, lije siku mbili kabla, asubuhi, mchanga ukiwa bado na unyevu kidogo wa umande. Boza lililojaa saa saba mchana litanasa, na hapo maji yatabebwa kwa ndoo kilomita mbili. Maji ya kunywa yatieni dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mkoroge, msubiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope.

Jiko

Chakula cha mchana cha watu 200 na wenyeji wao:

- Mchele kilo 30, na unga wa muhogo au wa mahindi kilo 10 kwa wasioshiba bila ugali
- Mbaazi kavu kilo 15, nazi 30
- Mbuzi wa kienyeji wanne, kama kilo 40 za nyama
- Kisamvu au mchicha, mafungu ya kutosha masufuria mawili makubwa
- Vitunguu kilo 10, nyanya kilo 15, mafuta lita 8, chumvi kilo 2
- Sukari kilo 6, majani ya chai nusu kilo
- Kuni kavu kama kilo 250

Mchele usipikwe sufuria moja. Kilo 30 mahali pamoja chini zinaungua na juu zinabaki mbichi. Pikeni masufuria matatu ya kilo 10, maji lita 18 kila moja, moja likianza nusu saa baada ya jingine ili chakula kitoke cha moto. Mbaazi zilowekwe tangu jioni na ziinjikwe saa kumi na moja alfajiri. Mbaazi za mwaka jana zinachukua saa mbili zaidi ya za msimu mpya, kwa hiyo mwulizeni mtoaji. Tui zito liingie mwisho, moto umepunguzwa, la sivyo linakatika.

Matawi yaliyopogolewa ya mkorosho ni kuni nzuri. Maganda ya korosho msitumie kamwe: mafuta yake yanababua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo.

Nyama ichinjwe na Mwislamu, hadharani, hata kama wageni wengi ni Wakristo. Hapo mmeshamaliza swali moja. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha. Ming'oko, vile viazi vya porini, ikipatikana, wazee watawashukuru kuliko maandazi. Birika moja la chai lisiwe na sukari, liandikwe.

Kula saa saba kamili. Wengi wa wenyeji wanameza dawa za presha na kisukari, na chakula kilichochelewa hadi saa tisa kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani kimewahi kuwapeleka watu zahanati sehemu nyingi. Mgeni rasmi apangwe kufika saa sita na nusu, aongee dakika 10, ale na watu. Akifungua yeye mkutano, siku nzima inafuata saa yake.

Pombe hakuna. Uraka, pombe ya mabibo, Juni haupo, mabibo bado. Tatizo ni nipa, pombe kali ya kukenekwa, na huwa inaingia ndani ya dumu la maji. Mapokezi wanuse.

Baraza

Hapa ndipo mkutano wenyewe ulipo. Mengine yote ni huduma.

Watu wagawanywe mabaraza ya watu 10 hadi 12, kila moja chini ya mti wake, duara, bila meza. Mgawanyo ufanyike getini kwa vijiti vya rangi, ili mke na mume, au wagomvi wawili waliokuja pamoja, wasiangukie sehemu moja kwa mazoea. Kila baraza na mshika baraza mmoja aliyefundishwa mapema. Nusu yao wawe wastaafu. Mafunzo ni kikao kimoja cha saa tatu wiki mbili kabla, na kazi yake kubwa ni kuwazoesha kunyamaza. Mstaafu aliyezoea kutoa amri anajaza kimya haraka. Ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno.

Anayeongea ameshika fimbo. Asiyeshika hasemi. Fimbo inaruhusiwa kupita bila mtu kusema kitu. Simu zimezimwa, hakuna kurekodi, hakuna kupiga picha hadi baraza livunjwe. Muda ni dakika 90 na maswali ni matatu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Mfano unaofanya kazi:

1. Ni nini kilikuondolea amani hapa kijijini mwaka huu?
2. Ulifanya nini wewe?
3. Ungependa nani mwingine afanye nini, kabla ya mvua?

Swali la pili ndilo linalowauma watu, na ndilo linalozuia baraza kuwa orodha ya lawama. Neno "kabla ya mvua" linalazimisha jambo dogo linalowezekana, badala ya "serikali itusaidie".

Mabibi wengine watasema vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Mruhusuni, mwenye kujua lugha atafsiri kwa sauti ya chini. Mabaraza mawili yawe ya wanawake peke yao kwa dakika 45 za kwanza, kisha yaungane na mengine. Wajane wa askari wana maneno ambayo hawatayasema mbele ya waliokuwa kikosi kimoja na marehemu.

Makosa yanayojirudia ni haya. La kwanza, baraza kugeuka mahakama. Mtu anasimama na ramani ya mpaka wa shamba. Mshika baraza aandike jina na suala, aseme wazi kwamba hapa hapaamuliwi, na ampeleke baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kazi yake ni usuluhishi. La pili, simulizi za ushujaa. Mstaafu akianza "tulipovuka mto Kagera" na dakika ya sita bado hajashuka, mpeni mtani wake fimbo. Utani ni chombo chetu na kinafanya kazi ambayo mwenyekiti hawezi: mtani anakatisha na hakuna anayekasirika. Ila mtani asiguse msiba wa mtu kwenye baraza la watu wa mchanganyiko. Wasiojua desturi wataumia.

La tatu ni mafao. Mlango wa mafao ukifunguliwa asubuhi, hakuna kingine kitakachozungumzwa. Wekeni meza yake pembeni kuanzia saa nane mchana, karani mmoja, fomu, kalamu, na daftari la kuandika nani anafuatilia nini. Watu wakijua meza ipo, watatulia.

Kuhusu mada zenye kidonda. Kilwa, Liwale, Nachingwea na Lindi vijijini, suala la kwanza litakuwa mifugo. Wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa mkoani Lindi, na mashamba kuliwa na ng'ombe ni malalamiko ya kila kiangazi. Wafugaji waalikwe kwa mtu kwenda bomani kwao, si kwa tangazo la spika, na wapewe sehemu ya uenyeji: maziwa ya asubuhi yatoke kwao na yanunuliwe kwa bei ya soko. Watakaoitwa kuja kusikiliza lawama tu hawatarudi mwaka wa pili. Mtwara mjini na vijiji vya jirani, ghasia za gesi za mwaka 2013 bado zina watu waliopoteza. Vijiji vya mpakani vina kumbukumbu ya shambulio la Kitaya, Oktoba 2020. Msipange mada hizo kama vichwa vya habari. Zikija zenyewe, ziachieni nafasi, na mshika baraza asitoe maoni.

Pawe na mti mmoja mbali kidogo, mkeka, maji, na watu wawili watulivu. Anayelia au anayetetemeka anaondoka barazani bila kuomba ruhusa na anaenda hapo. Hamwulizi kilichotokea. Mnakaa naye.

Kumbukumbu

Fupi, kabla ya chakula. Dua, sala, kimya cha dakika moja, majina. Majina yasomwe na wajukuu, na yawe ya waliotoka vijiji vinavyowazunguka, wanajeshi na raia. Kusini haina uhaba wa mahali pa kukumbuka: Nandete, Majimaji ilipoanzia mwaka 1905, Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye vita vya Oktoba 1917 ambavyo wapagazi wengi wa Kiafrika walikufa bila kuandikwa, Naliendele, walikozikwa askari wa JWTZ waliofia Msumbiji. Chagueni pamoja mahali pamoja pa kutaja kila mwaka, msirundike historia yote siku moja.

Hakuna fataki, hakuna mlio wa bunduki wala wa baruti. Ngoma ikiwepo, mpigaji atangaze kabla ya kupiga, aanze taratibu. Mapiko, wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, yakicheza, yaanze mbali watu wayaone yakija. Hakuna anayeleta risasi ya zamani kama kumbukumbu ya kuonesha. Mapanga ya waliotoka kufyeka yanabaki getini kwa risiti.

Afya

Mwombeni mhudumu mmoja wa zahanati na wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii. Kituo kiwe karibu na barabara, siyo karibu na jukwaa. Kiwe na kipimo cha presha, kipimo cha sukari, bandeji, glovu, na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Gari moja lenye mafuta halifanyi kazi nyingine yoyote siku hiyo, dereva hali mbali nalo. Andikeni kwenye kadi ya dereva hospitali iliyo karibu zaidi: Ndanda, Nyangao, Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi. Akiumwa mtu na nyoka, kiungo kisichezeshwe, kisikatwe, kisifungwe kamba ya kukaza. Aende moja kwa moja.

Usafiri na saa

Wanaotoka mbali wakutane Mnazi Mmoja, Mingoyo, ambako barabara za Mtwara, Lindi na Masasi zinakutana, saa moja asubuhi. Bodaboda wa kijiji walipwe kwa siku, si kwa safari, na wafanye kazi ya kuingiza wazee tu. Mapokezi na chai saa mbili hadi saa tatu na nusu; mabaraza hadi saa tano; kila baraza liripoti kwa dakika 3, jambo moja tu; kumbukumbu saa sita na robo; mgeni rasmi saa sita na nusu; chakula saa saba; swala ya adhuhuri ipewe nafasi na maji ya udhu; meza ya mafao, ngoma na kupanda miti saa nane; watu waondoke saa kumi. Jua la Juni linazama mapema na njia ya mchanga gizani ni mateso kwa dereva na kwa mzee.

Wiki inayofuata

Mashimo yafukiwe kesho yake, udongo nusu mita juu, na pawekwe kigingi ili mwenye shamba asipande muhogo hapo bila kujua. Plastiki zote ziondoke; kuzichoma chini ya mikorosho inayochanua ni kumlipa mwenyeji kwa ubaya. Mwenye shamba apitie mti kwa mti pamoja na msimamizi, tawi lililovunjika liandikwe na kulipwa.

Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji ndani ya siku 14, risiti zikiwa mezani. Yale mambo ya "kabla ya mvua" yaandikwe kwenye bango moja ofisi ya kijiji, yasizidi kumi, kila moja na jina la mtu aliyekubali kulibeba. Mwisho wa Oktoba wastaafu wawili wapite kwa kila jina kuuliza limefikia wapi. Wasioweza kulimaliza wasaidiwe au lifutwe kwa uwazi. Safari hiyo hiyo ndiyo ya kutoa tarehe ya mwaka ujao na kufungua daftari la michango, minada ikiwa imeanza.